Kutu iliyojificha kwenye Mustang ya zamani: fuata njia ya maji kabla ya kushika grinda

Kipele cha rangi kikitokea chini ya mlango wa gari la zamani, ujue kutu imeshakula upande wa ndani kwa muda mrefu. Bati la bodi huoza kutoka ndani kuja nje, na mahali unapoyaona maji mara nyingi sipo yanapoingilia. Ndiyo maana gari linapigwa rangi, mwenyewe anafurahi, kisha msimu mmoja wa mvua unapita na vipele vinarudi palepale. Kipele kilishughulikiwa, njia ya maji ikabaki wazi.

Maelezo haya yanamlenga mwenye Ford Mustang ya 1965 hadi 1970, lakini mwenye Camaro au Charger wa enzi hizo atayatumia karibu yote. Hata mwenye Peugeot 504 iliyorithiwa kwa babu atakuta vizingiti vyake, yale maboksi ya chuma yanayopita chini ya milango, vinaoza kwa sababu zilezile. Hapa Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Sheria ya usalama barabarani iliyofanyiwa marekebisho 2018 inazuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo bodi ikikufia mikononi, kuagiza nyingine nzima si jambo la kutegemea. Bodi uliyonayo ndiyo ya kuokoa.

Mustang haina chasi ya kujitegemea kama lori au Land Rover ya zamani. Sakafu, vizingiti na reli nyembamba zilizochomelewa chini yake ndivyo vinavyobeba injini, abiria na usukani. Chevelle, gari jingine la Kimarekani la enzi hizo, ina chasi kamili, na Camaro ina kipande cha chasi mbele kilichofungwa kwa bolti, lakini Mustang yote ni bodi. Kutu ya sakafuni kwenye gari hili inagusa mifupa yake, haiishii kwenye uzuri.

Kabla ya kuanza kutafuta, uliza gari limeishi wapi. Lililotoka majimbo ya kaskazini mwa Marekani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huwa limeoza kuanzia chini: reli, maungio ya springi za nyuma, mabomba ya breki. Lililokaa miaka Mombasa limepata chumvi kwa hewa. Gari lililoishi Kampala, Jinja au Masaka halijaonja chumvi, maana Ziwa Victoria ni maji baridi, ila limenyeshewa misimu miwili kila mwaka, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, na limekula vumbi jekundu. Vumbi hilo likiingia ndani ya kizingiti na kulowa, hugeuka tope linaloshika unyevu wiki nzima baada ya mvua kukatika. Gari letu kwa hiyo huoza zaidi kutoka juu, maji yanakoingilia, na ndani ya mifuko yote ambayo tope hukaa.

Zulia la mbele limelowa baada ya mvua

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote.

Chini ya kioo cha mbele, pale penye vipenyo vya kuingizia hewa karibu na waipa, kuna chumba kilichoundwa kwa mabati mawili, la juu na la chini, yaliyounganishwa kwa nukta za kuchomelea za kiwandani. Nitakiita chumba cha hewa. Mvua inayoingia kwenye vile vipenyo ilikusudiwa iingie: hutiririka kulia na kushoto ndani ya chumba, ikatokea nyuma ya madigadi za mbele, ikadondoka chini. Tatizo ni kwamba kwenye bati la chini kuna matundu mawili makubwa ya kupitishia hewa kwenda kwa abiria, na kila tundu limezungushiwa ukingo ulioinuka ili maji yasivuke. Majani na vumbi hujikusanya kuuzunguka ukingo huo, hubaki na unyevu, na ukingo huoza kwenye shina lake. Ukishatoboka, kila mvua inamwagika miguuni pako. Upande wa kulia tundu hilo ndilo linalolisha boksi la hita, kwa hiyo maji hupita humo kwanza na kukudanganya kuwa hita inavuja.

Basi tenganisha sababu moja baada ya nyingine. Chovya kidole kwenye maji ya zuliani. Yakiwa yanateleza kidogo, yana rangi, na yana harufu tamu, hayo ni ya rejeta yanayotoka kwenye hita. Funga mipira yake miwili na uishie hapo. Yakiwa maji matupu, toa zulia lote la mbele na vifuniko vya pembeni mwa miguu, halafu mwite mtu wa kukusaidia. Wewe lala chali na tochi, kichwa chini ya dashibodi. Mwenzako amwage maji kwa jagi, taratibu, na kwenye vile vipenyo tu. Asiguse kioo. Aanze upande mmoja, asubiri, kisha ahamie wa pili. Usitumie mashine ya kuoshea magari, kwa sababu msukumo wake hupitisha maji hata mahali pazima na utaishia kukata bati lisilo na kosa.

Maji yakitokea kwenye tundu la hewa au juu ya boksi la hita, ukingo umeoza. Yasipotokea, mwenzako ahamie kwenye mpira wa kioo cha mbele, akianzia chini kwenda juu, maana ukianza juu maji yatashuka na kulowesha sehemu zote kwa pamoja na hutajua yaliyoingia yameingilia wapi. Wakati huohuo mtu wa tatu, kama yupo, aangalie nyuma ya magurudumu ya mbele. Maji lazima yatoke huko kwa wingi, pande zote mbili. Yakidondoka kidogokidogo, njia imeziba. Gari linaloegeshwa chini ya mwembe au jakaranda huziba hivyo, na chumba kikijaa, maji huvuka hata ukingo mzima.

Matibabu yanategemea hali ya bati. Njia ikiwa imeziba tu, vuta uchafu kwa mashine ya kufyonza vumbi na waya uliopindwa, suuza, kausha kwa upepo wa kompresa. Ukingo ukiwa na vitobo vidogo na bati linalouzunguka bado lina nguvu, unaweza kugandisha kola ya plastiki kwa gundi ya epoksi, ukiingilia kwa chini. Hilo ni la kukupitisha msimu wa mvua huku ukitafuta fedha, basi. Dawa kamili ni kubwa: kioo kinatoka, waipa na madigadi zinatoka, nukta za kiwandani zinatobolewa moja moja kwa keekee, bati la juu linanyanyuliwa, kingo mpya zinachomelewa, kila kitu kinapakwa rangi na silanti, kisha linarudishwa. Ni kazi ya kuchosha. Lakini ukiweka sakafu mpya chini ya chumba kinachovuja, umenunua sakafu ya kuozesha. Anza juu.

Rangi inatoa vipele nyuma ya gurudumu la mbele

Umeshaona maji ya chumba cha hewa yanatokea wapi. Huko nyuma ya madigadi ndiko vumbi, majani na tope vinakokutana, vikajaa kwenye pembe ya chini kati ya madigadi na bodi. Kipele cha hapa ni ndugu wa zulia lililolowa, na ukikikuta kimoja mtafute mwenzake.

Chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa chepesi isikwaruze rangi, uiburute polepole kwenye theluthi ya chini ya madigadi, milango na ubavu wa nyuma. Inaposhika kwa nguvu kuna bati. Inapolegea au kuanguka kuna fila, yaani kijazio kinachopakwa kuficha mashimo na mabonde ya bati. Fila nyembamba juu ya bati zima si dhambi, kila gari la umri huu linayo. Fila nene iliyojazwa juu ya wavu au gazeti ndiyo ya kuogopa, kwa sababu hunywa maji kutoka nyuma na kuyashikilia kwenye chuma.

Madigadi ya mbele imefungwa kwa bolti. Ifungue, usihangaike kuitibu ikiwa garini. Ubavu wa nyuma umechomelewa, na kipele chake cha chini, nyuma ya gurudumu, kinakutuma ukague mshono wa ndani ambapo vipande viwili vya nyumba ya gurudumu vinakutana. Mshono huo ukifunguka, kila gurudumu linapozunguka kwenye tope linarusha maji ndani ya ubavu.

Mlango ulikuwa unafunga vizuri, sasa unagoma

Wengi hukimbilia bawaba. Na kweli, bawaba za Mustang huchakaa, maana milango yake ni mizito: fungua mlango, unyanyue kwa mkono kwenye ncha, na ukicheza juu na chini kabla bodi haijasogea, bawaba zimekwisha. Ila kama hauchezi, pima bodi yenyewe.

Egesha mahali tambarare. Funga mlango, upime mwanya wake kwenye kona ya juu nyuma, uandike. Sasa inua upande huo kwa jeki kwenye reli iliyo nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, ukiweka kipande cha mbao katikati, mpaka gurudumu liachane na ardhi. Pima tena mwanya, na ujaribu kufungua mlango. Mwanya ukibaki vilevile na mlango ukafunguka, mifupa ni mizima. Ukibana au ukapanuka kwa kuonekana, kizingiti kimeoza ndani, au boksi la chuma linalounganisha kizingiti na reli ya mbele limeachia. Jeki ikianza kuzama ndani ya chuma badala ya kuinua, acha hapohapo, jibu umeshalipata. Gari lisilo na paa la chuma linategemea vizingiti zaidi ya mengine yote, na likishindwa jaribio hili usiliendeshe hata kwenda gereji ya pili.

Ndani ya kizingiti utaona vipi? Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu huingia kwenye tundu la kutolea maji au tundu la plagi ya mpira chini ya zulia. Gonga pia kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele kwenda nyuma: bati zima hulia, lililoliwa au kujaa tope hutoa sauti butu. Pale sauti inapobadilika, sukuma ncha ya bisibisi kutokea chini. Mwenye gari huumia kuona bisibisi ikizama, lakini bora izame sasa likiwa limesimama.

Kuna jambo moja linalofanywa kila mahali ambalo naomba ulikatae: kuchomelea kizingiti kipya juu ya kilichooza. Kwa nje kinavutia. Kwa ndani tope na kutu vimefungiwa gizani, na kutu huhitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inaendelea kuvimba na kusukuma mishono kutoka ndani mpaka iachane. Mwambie fundi kwa heshima lakini waziwazi: "Fundi, usifunike. Kata kwanza, tuone ndani pamoja, ndipo tukubaliane bei." Mlipe kwa hatua, kila hatua na picha zake. Fundi mzuri hataona vibaya, kwa sababu hata yeye hawezi kukadiria kazi ambayo hajaiona.

Kabla ya kukata kizingiti, gari likae sawa juu ya stendi imara, uzito ukiwa pale magurudumu yanapoubeba siku zote, na ndani ya uwazi wa mlango zichomelewe bomba za chuma za mraba kwa mshazari. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja, bodi italegea katikati na utaichomelea ikiwa imepinda, na hapo hakuna marekebisho ya bawaba yatakayoufungisha mlango.

Buti lina maji, au kuna harufu ya uvundo nyuma

Sababu zilizozoeleka ni nne: mpira wa buti, mipira ya taa za nyuma, mshono wa nyumba ya gurudumu, na mfereji wa chini ya kioo cha nyuma. Paka unga wa chaki kuzunguka mpira wa buti na taa, funga, mwagia maji taratibu, fungua usome michirizi. Ikiwa chaki imebaki kavu na maji yapo, panda juu uangalie kioo cha nyuma. Chini ya mapambo ya nikeli yanayokizunguka maji hukaa, na magari yaliyofunikwa paa kwa ngozi ya plastiki huoza hapo vibaya kuliko yote, kwa sababu ngozi ile hushikilia unyevu juu ya bati bila wewe kuuona. Kioo lazima kitoke. Silanti inayopakwa kwa juu hufunga maji ndani.

Sasa onyo ambalo fundi asiyelijua gari hili anaweza kulipia kwa maisha. Kwenye Mustang hizi, sehemu ya juu ya tangi la petroli ndiyo sakafu ya buti. Hakuna bati jingine katikati. Cheche moja ya grinda inatua juu ya tangi lenyewe. Tangi litoke, lipelekwe mbali, bomba lake lizibwe, ndipo kazi ya moto ianze nyuma. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Mambo madogo ya kupitia haraka

Chini ya betri kukiwa na unga mweupe na chuma kilicholiwa, hiyo ni asidi. Osha kwa maji yenye magadi mpaka povu liishe, halafu ukague reli iliyo chini yake, kwani asidi haikuishia juu. Tairi za mbele zikiliwa upande wa ndani na alaimenti haikai, kagua minara ya shokomzoba kama ina nyufa au imeegemea ndani. Matone ya rangi ya chai chini ya mlango siku mbili baada ya mvua maana yake matundu ya chini ya mlango yameziba. Yazibue kwa waya leo, ni dakika chache.

Kukata, kuchomelea, na kile kinachosahaulika

Kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa pande zote mbili, kisha ongeza sentimita mbili. Bati la nje la gari hili lina unene wa karibu milimita 0.9, na sakafu hujengwa vizuri kwa shiti ya milimita 1.2. Mabati ya kuezekea usiyakubali: ni membamba, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomlaza fundi kwa homa. Sakafu, vipande vya kizingiti na viraka vingine vyenye mikunjo rahisi hukunjwa vizuri Katwe, Kampala, ambako mikono ya kazi hiyo ipo. Kingo za chumba cha hewa na yale maboksi yanayounganisha kizingiti na reli ya mbele zina maumbo magumu. Hizo ni za kuagiza Marekani, ambako bado zinatengenezwa mpya. Tafuta watu wengine wenye magari haya mchanganye mzigo, kwa kuwa safari ya kutoka Mombasa hadi mpakani Malaba na ushuru wake huumiza kipande kimoja kuliko sanduku zima.

Mashine iwe ya waya na gesi, ile mafundi wanayoiita MIG, yenye waya wa milimita 0.6. Ya fito hutoboa bati jembamba. Moto wa gesi hulipasha eneo kubwa na kulipinda. Nukta fupi, mbalimbali, ukihama kutoka kona hadi kona na kuacha chuma kipoe chenyewe. Bila shaka betri imefunguliwa. Na kwenye maungio ya paa na ubavu wa nyuma, kiwanda kilijaza madini ya risasi ili kuficha mshono, kwa hiyo usiparuze hapo kwa grinda bila kinga ya pua. Vumbi lake ni sumu, na watoto wasiwe karibu.

Chuma kilicho wazi kisilale usiku mmoja wakati wa mvua. Asubuhi kitakuwa na wekundu mwembamba, na praima ikipakwa juu yake haitashika. Tumia praima ya epoksi ya sehemu mbili. Dawa yenye asidi ya fosfori inafaa kwenye vishimo vya kutu ambavyo msasa haufiki, mradi isuuzwe na kukauka kabisa, lakini usiimimine ndani ya mishono ambamo huwezi kuisuuza.

Kinachosahaulika ni mgongo wa kila mshono. Moto wa kuchomelea huunguza rangi upande wa ndani, kwenye giza la kizingiti na reli, na hapo ndipo kutu ya safari ijayo huanzia. Baada ya rangi kukauka, ingiza nta ya maji maji kwa bomba refu jembamba hadi ionekane ikichuruzika kwenye matundu ya kutolea maji, kisha uzibue matundu hayo tena. Wazee walitumia oili chafu. Ilisaidia kiasi, lakini hulainisha mipira na kuchafua udongo. Lami nene chini ya gari ni mbaya zaidi: ikikauka hupasuka, maji huingia nyuma yake, na hutajua mpaka ibanduke na bati lake.

Rudia jaribio la jagi kabla hujarudisha chochote ndani. Na zulia libaki nje mpaka mvua kubwa za kwanza zipite, ili kila asubuhi upapase sakafu kwa kiganja, pembe zote nne, na tone lolote ulione siku lilipoingia.